Mchagua Chakula Kwenye Meza ya Wajerumani: Mwongozo Kamili kwa Anayekwenda Kuishi na Familia Mwenyeji

Jioni ya kwanza nilikaa mezani saa kumi na mbili na nusu nikisubiri chakula. Mbele yangu palikuwa na kibao kidogo cha mbao badala ya sahani, kisu, kikapu cha mkate mweusi mzito, jibini iliyokatwa vipande vyembamba, soseji za aina tatu, matango madogo ya siki na nyanya. Jiko lilikuwa baridi. Nikadhani hivyo ni vya kuchangamsha tumbo tu, chakula chenyewe kinakuja. Nikala nusu kipande cha mkate na siagi ili nibakishe nafasi. Mama mwenye nyumba akanisogezea kikapu, nikatabasamu nikasema "danke", naye akakirudisha mahali pake. Baada ya dakika ishirini wakaanza kutoa vyombo. Nikalala na njaa.

Nilikosea mara mbili, na ladha haikuhusika hata mara moja. Kwanza, ule mkate ndio ulikuwa chakula cha usiku. Wanauita Abendbrot, yaani mkate wa jioni. Pili, ukikaribishwa kitu Ujerumani ukajibu "danke" peke yake, umesema "hapana, asante". Anayetaka hujibu "ja, gerne" au "ja, bitte".

Nilikulia Tanga, na kwetu nilijulikana kwa kuchagua chakula. Sikugusa bamia, maini wala mtindi, na yai nililila pale tu kiini kilipokauka kabisa. Nikaja kukaa mwaka mzima na familia moja katika mji mdogo karibu na Oldenburg, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, nikisoma lugha. Haya yatamfaa mwanafunzi wa sekondari anayekwenda kwa programu ya kubadilishana, yule aitwaye "au pair" (kijana anayekaa na familia akisaidia kulea watoto), na anayelipia chumba na chakula kwa familia wakati wa kozi.

Hatua ya 1: Yapange unayokataa kabla hujapanda ndege

Chukua karatasi uandike kila usichokula, kisha ukigawe mafungu manne. La kwanza ni dini: nguruwe, pombe, nyama isiyochinjwa kihalali. La pili ni mwili: kitu kinachokuwasha, kinachokuvimbisha au kinachokuharisha. La tatu ni kinyaa, kile ambacho koo linakataa hata ukijilazimisha. La nne ni mazoea, vile ambavyo hujawahi kuvila, au ulivila mara moja ukiwa na miaka saba ukavisusia.

Kwangu fungu la nne ndilo lililokuwa refu kuliko yote, na hilo ndilo unaloweza kulipunguza kabla ya safari. Kama hujawahi kula jibini, nunua kipande kidogo ule na mkate kwa wiki mbili. Mtindi usio na sukari, fanya hivyo hivyo. Afadhali ukunje uso jikoni kwenu kuliko mbele ya watu waliokupikia.

Usilihamishe fungu la tatu ukaliita la pili. Mimi nilifanya hivyo. Kwa kuwa mayai yao ya asubuhi huchemshwa nusu, kiini kikimiminika kama uji, nilisema nina mzio wa mayai. Neno "Allergie" kule halichezewi. Kwenye vyakula vya pakiti Umoja wa Ulaya unataka vitu 14 vinavyosababisha mzio vionekane wazi katika orodha ya viungo, na familia nyingi wana mtoto au jamaa mwenye tatizo hilo kweli. Basi mama wa watu akaanza kusoma kila pakiti. Keki za Jumapili zikasimama, chapati za maji zao zikasimama, mpaka tambi za mayai zikaondolewa. Wiki ya tatu nilikiri kwa aibu kubwa. Alicheka, lakini mdogo wao wa miaka sita, aliyenyimwa keki kwa ajili yangu, alichelewa kunisamehe.

Hatua ya 2: Waandikie mapema, tena kwa ufupi

Kwetu mgeni hatoi masharti ya chakula. Anakula anachopewa, akishindwa anasingizia tumbo. Kule mwenyeji anakasirika ukimficha. Amekwenda dukani, amepika, halafu hujala na hujasema sababu, kwa hiyo anaona hukumwamini. Waandikie wiki mbili tatu kabla hujafika. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Liebe Familie, ich esse kein Schweinefleisch und trinke keinen Alkohol, bitte auch nicht im Essen. Eier esse ich nur hart gekocht. Ich esse gern Reis, Kartoffeln, Brot, Huhn, Fisch, Bohnen und Gemüse. Neue Sachen probiere ich gern."

Maana yake: sili nguruwe, situmii pombe, hata ndani ya chakula tafadhali, mayai ni yale yaliyochemshwa mpaka yakaiva, napenda wali, viazi, mkate, kuku, samaki, maharage na mboga, vitu vipya niko tayari kuonja. Ona kwamba orodha ya unavyokula ni ndefu kuliko ya usivyokula. Ndiyo itakayomsaidia mtu aliyesimama dukani akijiuliza akupikie nini.

Ikiwa unataka nyama iliyochinjwa kihalali tu, liseme waziwazi na uongeze kwamba bila hiyo utakula samaki na mboga. Familia nyingi zitachagua njia ya pili kwa sababu ni rahisi kwao. Mtu asiyekula nyama si ajabu huko, ukisema "vegetarisch" hakuna atakayekuuliza mara mbili. Wasabato nao, na Wakristo wengine wasiogusa kitimoto, watumie sentensi hiyo hiyo ya kwanza bila maelezo mengi.

Hatua ya 3: Sanduku

Nyama na maziwa, pamoja na vitu vilivyotengenezwa navyo, msafiri kutoka kwetu haruhusiwi kuingia navyo Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo samli ya bibi ibaki. Matunda na mboga mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Beba viungo vikavu: bizari ya pilau, iliki, mdalasini, pilipili manga, pilipili kichaa ya unga. Kichupa kidogo cha pilipili kiliniokoa kuliko kitu kingine chochote nilichobeba, maana chakula cha kaskazini ya Ujerumani kinakwenda na chumvi, siki na haradali, basi. Lakini onja kwanza kama kilivyopikwa, ndipo uombe ruhusa ya kunyunyiza.

Hatua ya 4: Ijue siku yao ya kula, uchague nguzo zako

Mchagua chakula hahitaji kupenda kila mlo. Anahitaji milo miwili kwa siku anayoweza kuitegemea.

Asubuhi ni rahisi. Kuna mikate midogo ya duara yenye ganda kavu, siagi, jemu, asali, mara nyingi na Nutella. Yai omba "hart gekocht, bitte", hakuna atakayeshangaa. Nafaka za maziwa baridi zilinishinda mpaka nilipogundua kwamba hakuna anayekukataza kuyapasha moto. Tumbo likikusumbua kwa maziwa, kuna yaliyoandikwa "laktosefrei" katika maduka ya kawaida.

Mchana nyumba nyingi hupika chakula cha moto, hasa wikiendi. Ukiwa chuoni utakula Mensa, bwalo la wanafunzi, ambako ubao huonyesha kipi kina nguruwe na kipi hakina nyama. Chukua fursa hiyo: siku za masomo kula chakula cha moto mchana, ili mkate wa jioni usikutie unyonge.

Sasa mkate wenyewe, maana ndipo wengi wetu tunapokwamia. Ule mweusi ni wa nafaka ya rai wanayoiita Roggen, umechachushwa, una uchachu kidogo na uzito wa tofali. Mdomo uliozoea boflo utaukataa. Usianze nao. Anza na mkate mchanganyiko, Mischbrot, wenye rangi ya hudhurungi nyepesi. Omba kipande chembamba, kipake siagi mpaka kwenye kingo, weka jibini laini isiyo na harufu kali (Gouda au Butterkäse), juu yake tango na nyanya, chumvi na pilipili manga. Ukitaka, kibanike kwanza. Wiki ya pili sogea kwenye mkate wenye mbegu. Mweusi kabisa uache mwezi upite. Sikuamini kama ningefika huko, lakini kwenye mwezi wa nne nilikuwa nauulizia. Pumpernickel, aina yake iliyo nyeusi na nzito zaidi, imenishinda mpaka leo.

Alasiri ya Jumapili, kama saa tisa au saa kumi, kuna kahawa na keki. Ukiwa umekula vibaya wiki nzima, hapo ndipo pa kufidia, ila kuwa macho na keki za krimu zenye pombe. Ile maarufu ya Msitu Mweusi hutiwa Kirschwasser, pombe ya cheri.

Maji ya mezani huwa na gesi. Omba "stilles Wasser", yasiyo na gesi, au "Leitungswasser", maji ya bomba, ambayo hunywewa bila kuchemshwa.

Hatua ya 5: Adabu ya kukubali na kukataa

Hapa adabu yetu ya pwani inaweza kukutia njaa. Kwetu ukikaribishwa unakataa kidogo, mwenyeji anasisitiza, unakataa tena, anakupakulia kwa nguvu, kila mtu ameridhika. Mjerumani anakukaribisha mara moja. Ukisema hapana anaiheshimu hapana yako, na kukusisitiza kwake ni utovu wa adabu. Kwa hiyo jibu la kwanza liwe jibu la kweli.

Vyombo huwekwa katikati, kila mtu anajipakulia. Huo ni uhuru mkubwa kwa mchagua chakula kama atautumia vizuri. Pakua kidogo sana, kijiko kimoja cha kila kitu, kula ukimalize, ndipo uongeze unachokipenda. Kubakiza chakula kwenye sahani uliyojipakulia mwenyewe hakupendezi, hata kama ni matonge mawili. Usianze kula mpaka wote wamepata na mtu amesema "Guten Appetit". Uma mkono wa kushoto, kisu kulia, vyote viwili mpaka mwisho.

Kitu kipya nilikipa nafasi tatu, siku tatu tofauti, kila siku kiasi cha kijiko cha chai. Mara ya kwanza ulimi unashtuka tu. Kabichi ya kuchacha, Sauerkraut, ilipita mara ya tatu nilipoichukulia kama achari badala ya mboga. Samaki hering wa siki hakupita. Baada ya mara tatu una haki ya kusema "Das ist nicht so meins", si kitu cha mdomo wangu, na mazungumzo yanaendelea. Usiseme "baya", usinuse sahani, na usimuulize mtu ameweka nini huku umeinua kitu kwa uma kama mdudu. Nimewaona wenzangu wakifanya hivyo.

Maneno mengine ya kukariri: "nur ein bisschen, bitte", kidogo tu tafadhali, "was ist da drin?", ndani mna nini, "ich bin satt", nimeshiba. Hilo la mwisho linatosha, huhitaji kuapa.

Majirani wa Oldenburg upande wa kaskazini-magharibi, watu wa Ostfriesland, ndio wanywaji chai wakubwa wa Ujerumani. Wanaweka bonge la sukari mawe, wanamimina chai nyeusi nzito, kisha tone la krimu bila kukoroga. Nilipokwenda huko nilijiona nimefika nyumbani, isipokuwa kikombe changu kilijazwa kila kilipokwisha. Kumbe unatakiwa kuweka kijiko ndani ya kikombe kuonyesha umetosheka. Nilikunywa vikombe sita.

Hatua ya 6: Nguruwe na pombe zinakojificha

Wenyeji wengi wakisikia "sili nguruwe" wanafikiria kipande cha nyama. Hawakudanganyi, hawakumbuki tu kwamba yumo kwenye mboga. Yashike haya: Schwein ni nguruwe mwenyewe, Schinken ni paja lake, Speck ni mafuta au nyama yake ya kukausha, Schmalz ni mafuta ya kupikia, na mara nyingi ni ya nguruwe. Speck huingia kwenye viazi vya kukaanga, supu ya dengu, maharage mabichi na kabichi. Mett ni nyama ya nguruwe iliyosagwa, mbichi, inayopakwa kwenye mkate pamoja na vitunguu. Ukiona kitu chekundu hafifu kama nyama ya kusaga mezani asubuhi, uliza. Leberwurst ni soseji laini ya maini, kwa kawaida yenye nguruwe.

Soseji iliyoandikwa Geflügel ni ya kuku au bata mzinga, lakini zipo zilizotiwa mafuta ya nguruwe au kuvikwa utumbo wake. Geuza pakiti usome sehemu ya "Zutaten", yaani viungo. Mzizi "Schwein" ukionekana popote, rudisha. Gelatine iko kwenye pipi za kutafuna, maandazi ya krimu na baadhi ya mitindi, na mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Divai nyekundu hutiwa kwenye mchuzi wa nyama na hata kwenye kabichi nyekundu.

Wakati wa kuchoma nyama bustanini, nunua soseji zako za ng'ombe kwenye duka la Waturuki na uombe kona ya jiko, ukizitandikia karatasi ya alumini. Kila mtu huja na chake, hutaonekana wa ajabu.

Hatua ya 7: Tafuta vinavyofanana na vya kwenu

Pfannkuchen ni chapati za maji, sina jina jingine. Quarkbällchen ni ndugu wa kaimati, zimepakwa sukari badala ya kuchovywa kwenye shira. Milchreis ni wali wa maziwa wenye mdalasini, na wanaweza kuula kama mlo kamili wa mchana. Mchicha uko kwenye friza: chukua Blattspinat, majani matupu, uache Rahmspinat iliyotiwa krimu. Grünkohl ya majira ya baridi ni jamaa ya karibu ya sukuma wiki, ila kwa Oldenburg huchemshwa muda mrefu na mafuta ya nguruwe pamoja na soseji iitwayo Pinkel. Nilimwomba mama mwenyeji anitengee majani kabla ya kuunga, nikayakaanga na kitunguu na nyanya kwa dakika kumi. Baba mwenye nyumba alionja akasema hajawahi kuiona ikiwa bado ya kijani.

Hatua ya 8: Chakula chako mwenyewe, bila kujificha

Omba rafu moja ya friji na nafasi kwenye kabati. Usile chumbani kwa siri. Harufu itakusema, na wenyeji wataona umewakimbia. Jumapili karibu maduka yote ya chakula hufungwa, kwa hiyo nunua Jumamosi.

Duka la Waturuki lipo karibu kila mji wa wastani, matunda ya makubaliano ya wafanyakazi ya mwaka 1961 kati ya Ujerumani Magharibi na Uturuki. Humo utapata nyama halali, bamia, giligilani, pilipili na dengu za kila rangi. Tui la kopo na mchele wa basmati viko hata kwenye maduka ya kawaida. Unga mweupe wa sembe utafute maduka ya Kiafrika kwenye miji mikubwa. Wa manjano wa madukani hutoa ugali, lakini usitarajie ule uujuao.

Hatua ya 9: Wapikie

Subiri wiki mbili, halafu jitolee kupika jioni moja. Anza na pilau ya kuku na kachumbari, kwa sababu kila kitu ndani yake wanakijua kwa jina. Punguza pilipili, iweke pembeni. Ugali uache kwa mara ya pili.

Na ukifika zamu ya ugali, litazame jiko. Majiko mengi yana uso wa kioo. Ukiegemea mwiko kwa nguvu tulizozoea, kioo kitakwaruzika, na ukigongesha sufuria kinaweza kupasuka. Mimi nilikuwa nakoroga kidogo, nashusha sufuria juu ya taulo nene mezani, nasonga hapo, nairudisha. Na kama jiko ni la induksheni, sufuria ya alumini haitapata moto kabisa. Jaribu kwa sumaku ya friji, ikinasa kitakoni sufuria itafanya kazi. Fungua dirisha unapokaanga vitunguu, wanalijali sana hilo.

Hatua ya 10: Mambo yakigoma

Kufunga choo wiki za mwanzo ni kawaida ukibadilisha chakula ghafla; maji na matunda husaidia. Nguo zikianza kukulegea au unapata kizunguzungu, nenda kwa daktari. Ramadhani ikikukuta huko, omba mapema ruhusa ya kutumia jiko saa za daku na ukubaliane nao kuhusu kelele.

Ukiona familia inakucheka kwa imani yako, au chakula hakitoshi, zungumza nao kwanza mkiwa mmekaa, siyo mezani. Wasipobadilika mwambie msimamizi wa programu au wakala wako. Au pair ana haki ya chumba na chakula bila malipo, juu ya posho ya euro 280 kwa mwezi, kwa hiyo usikubali kujinunulia mlo wa kila siku kwa posho hiyo.

Kama utakariri sentensi moja tu ndani ya ndege, iwe ile niliyoikosa usiku wa kwanza. Nilijifunza siku ya tano, saa tatu usiku, nimesimama mlangoni mwa jiko na soksi: "Darf ich mir noch ein Brot machen?" Naweza kujitengenezea mkate mwingine? Mama mwenyeji alinitazama kama niliyemwomba ruhusa ya kupumua, akafungua droo ya mkate, akarudi kwenye televisheni yake.